Anza na Basi la Mwisho

Herufi yenyewe ilikuwa ndogo kama punje ya ulezi: S, imechapwa juu ya saa ya basi kwenye ratiba iliyobandikwa kituoni. Niliiona nikaipita. Nilikuwa nimetembea tangu asubuhi kati ya mashamba ya mizabibu ya Rheinhessen, magharibi mwa Ujerumani, na nilichotaka sasa ni kukaa tu kwenye benchi nisubiri basi la saa 10 na dakika 42 jioni. Saa ikafika. Zikapita dakika kumi, zikapita arobaini. Trekta likapita likivuta tela la zabibu, nyigu wakilifuata nyuma, kisha barabara ikanyamaza tena. Ndipo nikainuka nikasoma maandishi ya chini kabisa ya ile ratiba. S maana yake siku za shule tu. Ilikuwa Ijumaa ya katikati ya Oktoba, na shule za jimbo zima zilikuwa likizo ya vuli.

Basi lililofuata lilikuwa la kesho yake. Stesheni ya treni iliyo jirani, Armsheim, ilikuwa kama kilomita saba kutoka pale, na jua lilikuwa limebakiza saa moja na dakika chache. Mama mmoja aliyekuwa akiosha ndoo za mavuno uani kwake alinielekeza. Hakutaja jina la barabara wala namba. Alinyoosha mkono akasema nishike mistari ya mizabibu niteremke nayo, kwa kuwa mistari mingi pale hupandwa ikishuka na mteremko, na nikifika bondeni nitaiona reli. Nilikwenda mwendo wa kuchuchumilia. Giza lilinikuta njiani, udongo wa tifutifu umenishika soli za viatu, na nilipoziona taa za stesheni nilimshukuru Mungu kwa sauti, kwa Kigogo, peke yangu.

Tangu jioni ile nilipanga matembezi yangu yote kuanzia mwisho wake. Kwanza basi la mwisho: linapita wapi, saa ngapi, siku gani, na lina herufi gani juu yake. Halafu ndiyo njia.

Nilikuwa Mainz kwa miaka miwili, kuanzia 2023, kwa kazi ya vitabu. Siku za kazi nilikaa katika Maktaba ya Jahn ya Chuo Kikuu cha Johannes Gutenberg, mahali penye hazina kubwa ya fasihi za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Jumamosi sikuwa na pa kwenda. Sina gari, sijui kuendesha, na chumba changu kilitazama ukuta wa jirani. Mei ya mwaka huo Ujerumani ilikuwa imeanzisha tiketi moja ya mwezi kwa euro 49, ambayo kwayo mtu anapanda mabasi, tramu na treni za kawaida nchi nzima, isipokuwa zile za masafa marefu. Januari 2025 ikapanda hadi euro 58, na hata hivyo kwangu ilibaki kuwa fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote. Nilianza kupanda basi kwa kufuata jina lililoandikwa kwenye paji lake. Nikilipenda jina, naingia.

Hivyo ndivyo nilivyofika Zornheim. Basi lilipanda kutoka bondeni kwa mto Rhein, nyumba zikakoma ghafla kama zimekatwa kwa panga, na pande zote mbili za barabara ikawa mizabibu, mistari iliyonyooka ikifunguka na kufunga kama kurasa kadiri basi lilivyokwenda. Juu ya kijiji kuna njia ya miguu iitwayo Hiwweltour Zornheimer Berg. Hiwwel ni kilima, kwa lahaja ya watu wa huko, na njia za jina hilo ziko kadhaa, kila moja ikipita kijiji chake na mashamba yake, na panapogawanyika pana nguzo yenye alama. Nilipanda polepole. Kule juu niliona safu ya milima ya Taunus ng'ambo ya mto na, kwa kuwa hewa ilikuwa safi, maghorofa ya Frankfurt yamesimama mbali kama vijiti vya kiberiti. Nilikaa chini kwenye nyasi. Nilikuwa sijaona upeo wa macho kwa wiki sita.

Wanaotoka Usambara au Uluguru wataona ni vilima vidogo. Vingi havifiki mita 300 kutoka usawa wa bahari. Lakini ni vingi, na misitu ni haba kuliko karibu sehemu yoyote ya Ujerumani, kwa hiyo jicho halizuiwi: linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, hadi linapochoka. Mizabibu inakaribia hekta 27,000, robo ya mizabibu yote ya nchi ile, na hakuna eneo la mvinyo la Ujerumani linaloizidi Rheinhessen kwa ukubwa. Wenyewe huiita nchi ya vilima elfu. Msomaji wa Kigali atashtuka kusikia hivyo, na ana haki, maana jina ni la kwao pia. Tena jimbo la Rheinland-Pfalz, ambamo Rheinhessen imo, limekuwa na urafiki rasmi na Rwanda tangu mwaka 1982, wa shule kwa shule na kijiji kwa kijiji.

Siku zile za mwanzo jambo moja lilinisumbua, nami sikujua ni nini. Mimi ni mtoto wa Hombolo, Dodoma. Nimetembea maisha yangu yote: bombani, shambani, shuleni, gulioni, msibani. Sikuwahi kutembea bila kutumwa na mtu au na haja. Kwetu ukikutana na mtu njiani, salamu zikiisha swali linalofuata ni, unakwenda wapi? Na lazima uwe na jibu, kwa sababu mtu mzima anayezunguka bila jibu ama amepotewa na ng'ombe ama amepotewa na akili. Kwenye vilima vya Rheinhessen watu walinisalimu kwa upole, wakapita. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Nililikosa swali lile kama mtu anavyokosa chumvi kwenye mboga.

Basi ndilo lililonipa jibu. Mwenye gari hutembea kwa mduara, kwani alipoliegesha ndipo atakapolirudia, hata kama kilima cha upande wa pili kinamwita. Mwenye tiketi anaweza kushukia kijiji kimoja na kupandia kingine. Naam, nakwenda kijiji kile, kwenye kituo cha mbele ya kanisa, nikawahi basi la saa 11. Nilikuwa na haja tena. Nilikuwa mtu wa njiani, mwenye atokako na aendako. Mambo mengi niliyoyaona baadaye niliyaona kwa sababu nilipita katikati ya vijiji, nyuma ya nyumba, kando ya makaburi na kwenye nyua za wakulima. Wanaoanzia kwenye maegesho huanzia nje ya kijiji na kuishia nje ya kijiji.

Hapa nina neno, na nalisema kwa moyo wote. Vibao vingi vya ramani za njia zile nilivikuta kwenye maegesho ya magari. Ramani nzuri, zenye rangi, urefu wa njia na mahali pa kupumzika. Lakini kwenye kituo cha basi, pengine hatua mia mbili tu kutoka hapo, sikuona hata mshale. Na ndani ya mabasi yale nilipanda na kina nani? Wanafunzi. Bibi wenye vikapu vya magurudumu. Vijana wa Kisyria na Kieritrea wanaotoka kazini. Wavunaji wa msimu kutoka Poland na Romania, ambao mikono yao ndiyo inayozikata zabibu zenyewe. Wote wanapita pale kila siku, wameshalipa nauli, na vilima viko dirishani. Ningekuwa na kauli, njia ya miguu ingeanza kuchorwa kutoka kituoni, na kila kibao kingeandikwa saa ya basi la mwisho kwa herufi kubwa. Mandhari ya nchi si mali ya mwenye funguo za gari.

Baba yangu analima zabibu. Ekari moja na nusu, za mvinyo, ingawa mwenyewe hajaonja kileo maisha yake yote, nami nimemfuata. Nilikuwa nikimpigia simu kutoka kwenye mabenchi ya vituo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Leo uko kilima gani?"

Mara ya kwanza nilimpigia nikiwa na hofu. Ilikuwa Septemba, zabibu zinaiva, na kila baada ya muda ulisikika mlio mkubwa kama wa bunduki, ukirudiwa na bonde. Nilijibanza nyuma ya ukuta wa shamba hadi mzee mmoja akanieleza kwamba ni mitambo ya gesi ya kufukuzia ndege. Kwezi hushuka kwa makundi makubwa na wanaweza kumaliza shamba. Zamani, aliniambia, kila kijiji kilikuwa na mlinzi wa mizabibu aliyezunguka na bunduki wakati wote wa mavuno, na mahali pengine bado yupo. Nilipomsimulia baba, alicheka kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

"Kumbe na wao wanaamia ndege!"

Nimeamia ndege nikiwa mtoto, kwenye uwele wa bibi, nimesimama juu ya kichuguu na kombeo la tope, nikipiga kelele tangu alfajiri hadi kwelea kwelea watakapokwenda kulala. Nilidhani ni kazi ya watoto wa nchi kavu tu. Na kwa kweli Rheinhessen nayo ni kavu. Milima iliyoizunguka inaikinga na mvua, kwa hiyo inapata milimita 500 na ushei kwa mwaka, karibu sawa na Dodoma. Tofauti ni kwamba yao hugawanyika mwaka mzima, yetu hushuka kwa miezi michache kisha mbingu zinafungwa. Baba aliniuliza wanavuna mara ngapi. Nikamwambia mara moja, Septemba na Oktoba. Alinyamaza kidogo. "Mara moja tu? Basi wana subira." Sisi Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na sikuwahi kulihesabu hilo kuwa baraka mpaka nilipolisema kwenye simu, nikiwa nimeitazama mizabibu ya Januari, mieusi, mikavu, imepogolewa ikabaki kama ngumi iliyokunjwa.

Kingine kilichomfurahisha ni ng'ombe. Katika vijiji vya Rheinhessen yapo mazizi ya karne ya 19 yaliyojengwa kwa mawe, yenye nguzo na dari za matao kama kanisa. Wenyewe huyaita Kuhkapelle, yaani kanisa dogo la ng'ombe. Dari za mbao zilikuwa zikioza kwa unyevu wa pumzi na samadi, ndipo wakulima wakajenga za matao. Ng'ombe wameondoka siku nyingi; sasa watu hukaa humo kula na kunywa. Nilikaa katika mojawapo, nimewekewa bilauri ya maji ya zabibu, nikatazama juu nikampiga picha baba yangu moyoni, Mgogo aliyezaliwa kati ya ng'ombe, akiwa ameketi chini ya tao lile. Jioni nilipomweleza aliuliza swali moja tu: hao ng'ombe walikuwa wangapi hata wakajengewa hivyo? Nikamwambia zizi lenyewe halikuwa kubwa, labda kumi. Akasema, "Kumi wanatosha kumfanya mtu ajenge kanisa."

Mvinyo sikuuonja, lakini wakulima hawakunitenga. Sheria ya huko inamruhusu mkulima kuuza mvinyo wake nyumbani kwake hadi miezi minne kwa mwaka, viti visizidi arobaini, bila masharti mengi ya mgahawa. Wengine hutundika kishada cha majani au taji la matawi getini kama ishara kwamba leo wamefungua. Nilikuwa nikiliona, naingia, naomba maji ya zabibu, na sikumbuki aliyenikunjia uso. Msimu wa mavuno unapoanza wanauza pia zabibu iliyokamuliwa ikaanza tu kuchacha, ya rangi ya ukungu, ambayo chupa yake haizibwi kabisa isije ikapasuka. Nilimwambia baba ni ule ule mchuzi wa zabibu tunaopeleka kiwandani, ila wao wanaunywa na mkate wa vitunguu.

Ipo njia moja ambayo niliirudia mara tano. Inatoka Nackenheim kwenda Nierstein na Oppenheim, juu ya mteremko unaoitwa Roter Hang, Mteremko Mwekundu, mto Rhein ukiwa chini upande wa kushoto. Ni kipande cha njia ndefu inayotoka Worms hadi Mainz. Nilipoukanyaga udongo ule mara ya kwanza nilisimama. Ulikuwa mwekundu wa kwetu, ule unaobaki kwenye pindo la sketi ya shule hata ukiifua mara tatu. Ni mwamba wa udongo na mchanga uliotuama miaka kama milioni 280 iliyopita, na wekundu wake ni kutu ya chuma iliyomo ndani. Wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba enzi hizo sehemu ile ya dunia ilikuwa karibu na ikweta, nchi ya joto na ukame. Sikulichukua hilo kama hadithi ya kujifariji. Nililishika mkononi, bonge lililomomonyoka kwa kidole, nikalitia mfukoni.

Mwisho wa mteremko, Nierstein, kuna kijishamba cha hekta mbili hivi kilichozungushiwa ukuta kando ya kanisa, kinaitwa Glöck. Kimeandikwa kwenye hati ya mwaka 742, na hakuna shamba la mizabibu Ujerumani ambalo jina lake limethibitishwa kwa maandishi mapema kuliko hilo. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Si kwa sababu ya ukale wenyewe. Nilikuwa nikiwaza watu wangapi wameinama katika hekta zile mbili, kila mwaka, kupogoa, kufunga matawi kwenye waya, kuamia ndege, kukata vichala, na majina yao hayakuandikwa popote. Limeandikwa la shamba tu. Nilitazama saa. Nilikuwa nimebakiza dakika hamsini na kilomita tatu hadi Oppenheim. Nikaondoka.

Hilo nalo lilinifundisha kitu kuhusu kutembea kwa ratiba. Marafiki zangu wa chuoni waliniambia basi linaharibu matembezi, kwamba mtu anapaswa kuwa huru asiangalie saa. Sikubaliani nao. Saa ya basi ilinifanya nichague. Nikiamua kukaa nusu saa mbele ya Trullo ya Flonheim, kile kibanda cheupe cha mviringo chenye paa la msonge katikati ya mizabibu, kilichojengwa mwaka 1756, ilinibidi niache kitu kingine mbele. Kwa hiyo nilikaa kweli. Niliweka kiganja ukutani, nikakizunguka kibanda mara mbili, nikatamani kujua ni nani aliyekipaka chokaa mara ya mwisho. Nilipokuwa na siku nzima mikononi, bila basi la kuwahi, nilipita vitu kama hivyo huku nikisema nitarudi.

Nimerudi nyumbani Agosti ya 2025. Bonge la udongo liko dirishani kwa baba, kando ya redio yake, na ameshawaonesha majirani kulinganisha rangi. Wiki ya pili nilimwambia nataka tutembee. Si kwenda shambani. Tulishatoka shambani jana yake. Tutembee tu, tupite mashamba ya watu, tupande kile kilima chenye miamba tulichokuwa tukikiona kila siku bila kukifikia, tushukie upande wa barabara kuu, turudi kwa gari.

Aliniangalia. Hakuniuliza tunakwenda kufanya nini, ingawa niliona swali likimpita usoni. Alikwenda kwenye hiace iliyokuwa ikipakia abiria chini ya mwarobaini, akamsalimu konda, akamuuliza gari la mwisho la kupita kwenye ile njia panda ni la saa ngapi.

"La saa 11, mzee," konda alijibu. "Lakini likijaa mapema, linaondoka mapema."

Baba akalitazama jua, akahesabu kwa vidole, akaingia ndani kuchukua fimbo yake na kidumu cha maji.

"Tuna saa nne," aliniambia. "Tutembee kwa tatu."